Nilivyomnyima Bwana Yangu Mshahara kwa Mdomo Wangu

Hii habari naisimulia nikiwa nimejifunika uso na kitenge, kwa sababu hata leo, miaka yote hii imepita, kuna bamaman, yaani akina mama, pale mtaani kwetu Kadutu wanaoniita Maman Bajeti, na watoto wao wanafikiri ndilo jina nililobatizwa nalo.

Ilikuwa wakati wa vita, mji wetu wa Bukavu umekatwa na Kinshasa na kutawaliwa na watu waliokuja na bunduki. Mimi nilikuwa dactylo, kazi yangu kupiga mashine ya kuandika katika ofisi moja ya mkoa (mshahara haukuwepo, lakini tulienda kila asubuhi, maana ukikaa nyumbani kiti chako kinapata mtu mwingine). Bwana yangu Déo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na yeye serikali ilishamsahau zamani, kwa hiyo nyumba yetu iliishi kwa prime, ile pesa wazazi wanayochanga kila mwezi ili walimu wasife njaa.

Basi siku moja chef wangu, mkuu wa ofisi, akaniletea karatasi za bajeti ya mkoa nizipige safi. Mvua ilikuwa inanyesha polepole, ukungu umelala juu ya ziwa mpaka huoni ng'ambo, na mimi niko dirishani napiga, napiga, mpaka nikafika kwenye mstari unaosema: mishahara ya walimu. Mbele yake kulikuwa na tarakimu ndefu, nzuri, na vidole vyangu vikapunguza mwendo vyenyewe. Nikamwona Déo anarudi nyumbani na bahasha, nikaona mapazia, nikaona sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wa kukaanga katikati ya juma, na binti yetu Furaha amevaa viatu vilivyonunuliwa kwa ajili ya miguu yake. Juu ya safu ile iliandikwa prévu, yaani kilichopangwa. Kando yake kulikuwa na safu nyingine, réalisé, yaani kilichotolewa kweli, na ile ilikuwa tupu kutoka juu mpaka chini (nikafikiri labda itapigwa na dactylo mwingine).

Ningenyamaza hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini siku ya posho, yaani Jumamosi, kulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni kwa Déo, ambako Furaha pia alisoma; prime ilitakiwa kuongezwa kwa sababu unga na sabuni vilikuwa vimepanda bei. Maman Nabintu, muuza sambaza, aliuliza ataitoa wapi hiyo nyongeza wakati kila kizuizi cha askari barabarani kinakula kapu lake. Mimi bado nilikuwa ndani ya ukungu wangu, nikashtukia nimesimama.

"Wazazi, tusijisumbue," nikasema, na sauti yangu ikatoka tamu kama ya mtu anayesoma somo kwenye misa. "Mishahara ya walimu iko mu bajeti. Miye mwenyewe niliipiga na hii mikono."

"Uliiona na macho, maman?" akauliza président wa kamati.

"Na macho."

Yakaanza makofi, halafu vigelegele, na président akaandika uamuzi: prime inasimamishwa mpaka mwisho wa trimestre, yaani muhula. Déo, kwenye benchi ya walimu, alinitazama kama mtu anayeona nyumba yake inateremka mlima pamoja na udongo wa mvua.

Njiani alinitangulia. Mlangoni akaniuliza, "Maman Furaha, kesho tutakula nini?"

"Mushahara uko njiani," nikamjibu, na kweli nilikuwa naamini.

Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Sambaza wakatoka kwanza kwenye sufuria yetu, wakafuatwa na mafuta, tukabaki na sombe, majani ya muhogo, ya chumvi tu. Mwishowe nikamfuata chef, mtu mpole, nikamuuliza ile pesa inatoka lini. Akavua miwani.

"Maman, ile ni prévision. Tunaandika kile kodi ingeleta kama kungekuwa amani. Lakini kile kinaingia ku mupaka kinaenda kwa waaskari mbele ya kufika huku."

"Na ile safu ya pili?"

"Ile hatuijazaka hata siku moja."

Juma lilelile Muzee Cirhuza, mwalimu mjane wa darasa la sita, alifunga mfuko wake akaenda kulima kwa kaka yake huko Kalehe. Darasa la sita ndilo la Furaha. Hapo nikaona mambo yamepita kicheko. Déo akaniambia, "Mahali ulisimama, ni pale utasimama tena."

Kwenye mkutano uliofuata nikasimama. Nikawaeleza wazazi safu zote mbili. Maman Nabintu akauliza kwa upole, "Ile pesa ya prime miye nilishanunua kitenge. Nikirudishe ku duka?" Watu wakaanza kucheka. Président akamwuliza Déo kama walimu wana neno.

"Miye nililala na Ministre wa Finances miezi mbili," Déo akasema, "na asubuhi sikuona hata chai."

Walicheka mpaka wengine wakashika ukuta, na mimi nikacheka nao huku machozi yananitoka. Lakini prime ikarudi, na asiyekuwa na pesa akaleta maharage au makaa.

Posho iliyofuata nilipanda lori mpaka Kalehe kumwomba Muzee Cirhuza msamaha. Alinisikiliza ameegemea jembe lake.

"Wakubwa walitudanganya mara mingi," akasema, "na hakuna mumoja alikuja kuniomba pardon mu shamba. Nitarudi, ila niache nivune kwanza."

Alirudi baada ya mavuno, trimestre imekwisha. Furaha alirudia darasa, na hakunilaumu hata siku moja, nami ningependa angenilaumu. Nilielewa kwamba pesa ya shule ikigeuka risasi huko juu, ni mtoto anayekaa mwaka mzima bila kusonga mbele. Na nimeapa, pesa ya mtu sitaitangaza tena mpaka niione imeshikwa na mwenyewe.