Njahi za Mama Kiambi

Hapa Kianjai, Karimi, mama yake Kiambi, alijulikana kwa vitu viwili: njahi, yale maharage meusi, zisizo na doa na mdomo usio na breki. Mwaka ambao vidukari, wale chawa wa mimea, walivamia njahi za jirani yake Kanana, wakazifanya nyeusi tangu shina hadi ua, alisema mbele ya akina mama wa kanisa, "Chawa hawaendi kwa mtu anayeoga." Walicheka sana. Kanana aliinama, akaenda zake.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Msimu uliofuata Karimi alikawia Timau kwa binti yake, akapanda mvua ikiwa imeshakolea. Kanana alikuwa amejifunza. Mbegu zake zilikuwa ardhini kabla ya tone la kwanza la Oktoba. Mwisho wa Desemba mvua ikakatika. Njahi za Kanana zilikuwa zimeshafunga maganda. Za Karimi ndio kwanza zilikuwa zikitoa maua, laini, na vidukari walipozivamia hapakuwa na mvua ya kuwaangusha. Jua la Januari likawazidisha. Alimwaga majivu, akamwaga maji ya sabuni, akashukuru kwamba shamba lake liko bondeni ambako watu hawapiti. Hakuvuna hata bakuli.

Machi, Ntinyari, mke wa Kiambi, akajifungua mtoto wa kwanza. Kwetu mzazi hupikiwa njahi ili apate maziwa, na Karimi ndiye aliyekuwa akihubiri kwamba nyanya anayeleta za sokoni hana haya. Sharti zitoke shambani kwake. Basi alienda kwa Kanana, kikapu kitupu kikiwa chini ya leso, akasalimu, akasalimu tena.

"Lete kikapu, Mama Kiambi," Kanana alisema. "Mtoto hajakosea mtu." Akakung'uta gunia mpaka punje ya mwisho.

Siku ya kuona mtoto, akina mama wa kanisa walijaa nyumbani. Ntinyari alikula, akasifu: "Njahi za mama hazina mfano, hata mwaka huu wa wadudu!"

Wakapiga vigelegele. Karimi aliona aibu, akajishughulisha na sufuria.

"Na wewe Mama Murithi," mmoja akamuuliza Kanana, "mbona umekuja mikono mitupu?"

"Zangu ziliisha," Kanana alijibu.

"Chawa tena? Si uliambiwa uoge!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Kanana aliinama. Karimi alifungua mdomo wake, ule usio na breki, na neno halikutoka.