Mama Sharon na Stuli ya Veranda

Mama Sharon jina lake ni Leonida, na tumeishi naye ploti moja hapa mtaa wa West Indies miaka ishirini na sita. Nyumba yake iko karibu na mfereji, yangu iko karibu na geti. Alikuja kutoka Bungoma na begi moja na mtoto mgongoni. Akaandikwa kazi ya kuosha chupa za maabara katika hospitali moja ya hapa mjini, akaifanya mpaka akastaafu. Hakuchelewa kazini hata siku moja. Najua, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nafungua geti asubuhi.

Sasa niseme lililo langu. Jina la Kachinja ambalo ploti nzima ilimwita, mimi ndiye nilimpa. Nilipokuwa mdogo, gari geni likipita barabarani tulikimbilia kwenye mahindi, maana tuliambiwa ndani yake mna kachinja, watu wa kunyonya damu na kuiuza. Sikuona gari hata moja likisimama, lakini hofu hiyo niliibeba mpaka mjini. Nilipoona Leonida anatoka maabara kila jioni na kisanduku cha plastiki chenye barafu, nikawauliza akina mama wenzangu, mnajua huyo anabeba nini? Yalikuwa maziwa yake mwenyewe, aliyomkamulia mtoto akiwa kazini. Nilikuja kujua baadaye, nikanyamaza, kwa sababu ningeonekana mwongo.

Kwetu mgeni akipiga hodi anaingia ndani, hata kama umepika sukuma peke yake. Yeye nilimtolea stuli kwenye veranda, nikamletea chai pale pale nje. Akanywa, akashukuru, akaenda. Miaka yote hiyo.

Mwezi wa nane, siku ya Alhamisi, alikuja na hakukaa. Alisema wakwe wa Sharon wanaleta mahari Jumamosi ya wiki inayofuata, naye hana dada wala wifi hapa mjini. Aliomba wanawake wa ploti wampikie, na mimi nisimame kama shangazi wa msichana, niwapokee wageni na kujibu maneno yao. Wageni wakikuta mama yuko peke yake jikoni, watasema huyu msichana hana watu, na watamwoa kama mtu aliyeokotwa. Nikamwambia nitafikiria. Nikafikiria siku tatu, yaani sikufanya kitu.

Jumapili baada ya kanisa mjukuu wangu Ashley akaniwekea filamu kwenye tivii.

"Kukhu, hii ni ya vampaya," akasema. "Ukiogopa niambie nizime."

Nikamwambia nimezaa watoto saba nyumbani bila nesi, aweke.

Nilijua mambo yatakavyokuwa: meno, mayowe, msalaba. Hapana. Mnyonya damu mwenyewe alikuwa mama wa makamo, fundi wa viatu, amevaa sweta iliyotoboka kwenye kiwiko. Ashley akanieleza kwamba watu wa aina hiyo hawawezi kuingia kwa mtu mpaka waambiwe karibu. Basi filamu nzima yule mama anabisha milango. Anapeleka viatu alivyoshona, watu wanavipokea dirishani na kufunga. Nikangoja aume mtu. Saa nzima nangoja. Mtoto wa jirani akaugua, kijiji kizima kikasema ni yeye, naye amesimama kwenye mvua na dawa mkononi, anaomba waseme tu karibu. Hawakusema. Mtoto akafa. Filamu ikaisha na yule mama hajauma mtu.

Ashley alikasirika, akasema bando zake zimeenda bure, vampaya gani huyo hana hata damu. Mimi nilikuwa nimeshavaa viatu.

Leonida alikuwa mlangoni kwake anachambua mboga. Sikuzungusha maneno. Nilimwambia lile jina lilitoka kwangu, na kwamba nimejua habari ya maziwa tangu Sharon akiwa darasa la kwanza. Nikasema Jumamosi nitakuja na wanawake wote wa ploti, na atakayekataa atanieleza mimi. Hakuinua macho kwenye mboga.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Mama Wabuge, nani mwingine kwa hii ploti ana mdomo wa kufika mpaka sokoni?"

Nikacheka. Naye akacheka, kidogo. Nikamuuliza maneno ya shangazi anataka niyaanze vipi.

"Hayo nimempa Jelagat. Nilimwomba jana, akakubali kabla sijamaliza kuomba."

Jelagat ni mama wa Kikalenjin, mkulima wa Moiben anayetuletea viazi.

"Jelagat hajui hata salamu zetu za Kibukusu," nikasema.

"Nitamfundisha. Wewe utapika kuku."

Jumamosi tulikuwa wanawake kumi na mmoja jikoni, nimewaita mmoja mmoja, na hakuna aliyethubutu kukosa. Jelagat akasimama mbele ya wakwe akawasalimia kwa Kibukusu cha wiki moja, wakapiga makofi mpaka nikawasikia nyuma ya nyumba. Ningesema vizuri kuliko yeye, hilo halina ubishi. Lakini niliombwa Alhamisi na sikujibu. Nikageuza kuku, maana upande mmoja ulikuwa umeanza kushika sufuria.