Pembe ya Shamba Isiyotazamwa

Nilitoka nyumbani kwa sababu ya ugali. Msicheke. Dada yangu Rasoa, aliyeolewa na kijana wa kuchuma chai upande wa Kericho, alikuwa amefiwa na mume, na habari zilitufikia Maragoli kwamba sasa yuko karibu na Fort Ternan, mtoto mgongoni, akila mahindi ya wafu. Aliyezileta alikuwa fundi wa reli, mshirika wa kanisa letu, na mnajua habari ikipanda treni haishuki jinsi ilivyopanda. Alisema huko kuna mlowezi mzee, Myahudi, ambaye kila mavuno huacha pembe moja ya shamba bila kuvunwa. Mahindi hayo huondoka, wala hapana mtu anayeonekana akiyachukua, na watu husema ni wafu.

Kanisa letu lilishika sana sheria za Musa. Nyamafu hatukula, damu hatukula, na zaka tulitoa hata ya kunde. Wazee wa kanisa walifungua Kumbukumbu la Torati, pale mtoa zaka anapokiri kwamba hakutoa chochote kwa ajili ya wafu, wakaamua Rasoa asikae mezani petu mpaka ijulikane anakula nini. Neno hilo wakampelekea kwa mdomo wa fundi yule yule. Baba yetu, Mzee Hezroni, alikuwa mmoja wa wazee hao. Hakupinga. Lakini tangu siku hiyo hakumaliza chakula chake. Alikuwa akimega matonge machache, kisha anaisukuma sahani.

Asubuhi moja alikuja kwenye karakana yangu, maana mimi ni seremala, akagonga mlango kwa fimbo yake. Fimbo hiyo niliichonga mimi, nikaivika kipande cha bomba chini ili isiliwe na mawe, kwa hiyo kila mtu kijijini aliijua kwa mlio.

"Jafeti," akasema, "nenda ukaone kwa macho yako. Kama ni uongo, mlete. Kama ni kweli..."

Hakumaliza hata hilo. Niliisikiliza ile fimbo mpaka ikapotea kwenye migomba.

Kisumu nilipanda basi la Kericho. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na mtu asiye na pasi hakufika mbali. Tulishushwa njiani tukapanga mstari, askari wakasoma vyeti vyetu, na wanaume wawili Wakikuyu waliokuwa wamekaa nyuma yangu hawakurudi garini. Kiti chao kilibaki kitupu mpaka mwisho wa safari, ingawa watu walikuwa wamesimama. Hakuna aliyetaka kukikalia, na mimi pia sikutaka.

Kericho nilikuta mvua, kwa sababu Kericho mvua haiagwi. Baba alitaka nianze kwa kuliona kaburi la shemeji, basi nikadandia lori lililokuwa likienda Mogogosiek, nikashuka kwenye kambi aliyokuwa akiishi na dada. Jamani, chai ile! Imekatwa sawasawa kama meza niliyoipiga randa mwenyewe, inapanda mlima na kushuka, haina mti wa kukupumzisha jicho. Ukungu ulikuwa umelala juu yake. Niliona vikapu vikienda taratibu juu ya majani, bila watu, na moyo wangu ukaruka. Kisha mmoja akakohoa, nikajua ni wachumaji waliozama kwenye ukungu hadi mabegani. Nilijicheka, lakini nilifanya hivyo kwa sauti ndogo.

Jirani wa Rasoa alikuwa mama wa Kisii, Kwamboka, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Alinipeleka kaburini, tukaomba, halafu akanipa blanketi la mtoto lililosahaulika.

"Nyumba ya kampuni ni ya mwenye kuchuma," akaniambia. "Bwana akikufa, wewe unatoka. Rasoa alienda na wamama wengine watafute treni, mtoto akashikwa na kifua huko juu ya Fort Ternan. Alikuwa anakuja kwenu, ndugu yangu. Halafu akasikia kwamba nyinyi hamumtaki."

Nilitazama chini. Maneno yangekuwa mepesi kama yangekuwa ya uongo.

"Na hiyo shamba?" nikauliza.

"Hiyo shamba watu wanavuna na hawaonekani. Mimi sijaenda. Na sitaenda."

Fort Ternan ni stesheni na maduka machache. Chini yake miwa, juu yake milima. Nilipanda mlima mchana kutwa. Mlangoni mwa shamba nilipokelewa na nyapara, mzee wa Kipsigis aliyeitwa arap Chirchir. Nilipomweleza ninamtafuta dada yangu, alitikisa kichwa.

"Hapa hatuna huyo. Wafanyakazi wote nawajua."

"Nasikia kuna wanaovuna ile pembe ya shamba."

Aliangalia nyuma yake kabla ya kujibu. "Hao hatuoni. Pwana amekataa tusiangalie. Wengine wanasema ni oiik, wale wazee wetu waliokufa. Mimi sisemi kitu. Nikisikia mahindi inalia, nageuka."

Mwenye shamba, ambaye watu walimwita Bwana Pembe, alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ndogo isiyotoka kichwani. Alinikaribisha barazani, jambo ambalo walowezi wengi hawakulifanya, tukala nyama ya kuku. Nilipoomba chai alinipa ya rangi.

"Leo mimi kwisha kula nyama," akasema kwa Kiswahili chake cha kizungu. "Maziwa baadaye. Torati nasema, hapana pika mtoto ya mbuzi ndani ya maziwa ya mama yake. Basi wazee yetu ya zamani, walimu, nafikiri sana, nasema: nyama yote na maziwa yote, weka mbali."

"Hata sisi Kipsigis," Chirchir akadakia kutoka kwenye ngazi. "Ukikula nyama, maziwa hakuna. Ng'ombe itakauka."

Wakatazamana kama watu waliokwisha kulizungumza jambo hilo mara nyingi. Nilimuuliza yule mzee habari za pembe.

"Torati nasema, hapana vuna mpaka pembe, acha kwa maskini na mgeni. Lakini hapana sema pembe kubwa namna gani. Basi walimu nabishana! Nasema, angalau fungu moja kwa sitini. Nasema, acha mwisho ya shamba, karibu na njia, maskini apate kujua. Mganda moja nasahauliwa shambani, hapana rudi chukua, hiyo ya maskini. Mbili, yake. Tatu? Walimu ya nyumba moja nasema yako, nyumba ingine nasema bado yake." Alicheka kidogo. "Na saa ya kuja ni mara tatu. Asubuhi, ya mama nanyonyesha. Mchana, ya watoto. Jioni, ya mzee natembea na fimbo pole pole. Na mwenye shamba hapana chagua, huyu ndiyo, yule hapana. Hiyo sheria. Kugeuka mgongo, hiyo ya mimi. Mimi nikiangalia, mimi nitachagua."

Nikamwambia kuhusu wazee wetu na aya ya wafu. Akasema walimu wale waliifasiri aya hiyo kwamba zaka isinunue jeneza wala sanda. "Na chakula ya pembe hapana toa zaka hata kidogo. Si yangu mimi nitoe. Si yake mpaka yeye nachukua." Akatazama madirisha yaliyofungwa upande wa shamba. "Watu yangu mimi nakufa yote kule Ulaya, wakati ya vita. Hapana kaburi. Lakini mimi hapana lisha wafu, bwana. Mimi naacha mahindi, basi."

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata sikuliona zizi. Chirchir aligonga kengele, na mara watu wote uani wakaacha kazi, wakageukia ukuta wa ghala. Mpishi aligeuka na sufuria mkononi. Bwana Pembe alikaa barazani na mgongo wake kwa shamba. Nikageuka nami, kwa heshima zaidi kuliko imani. Palikuwa kimya kabisa. Halafu majani makavu ya mahindi yakaanza kukwaruzana, hapa, kisha pale, kisha sehemu nyingi kwa pamoja. Hapakuwa na sauti ya mtu hata mmoja. Kisha nikasikia mtoto mchanga akikohoa.

Niliushika ukuta kwa mikono miwili. Ningegeuka tu, ningemwona, na kazi yangu ingekwisha.

"Ukiangalia," Chirchir akanong'ona bila kunitazama, "hawarudi. Mwaka jana askari mmoja aliangalia. Mahindi ikaoza mpaka mvua ingine."

Nikaelewa. Wengine mle hawakuwa na pasi, na wengine walikuwa na aibu, na mimi sikujua yupi ni nani. Sikugeuka. Mchana zilikuja nyayo nyepesi, nyingi, zikaenda. Na jioni, jua likiwa bado mlimani, nikasikia fimbo. Ilikuja polepole kutoka upande wa msitu, ikasimama kwenye pembe muda mrefu, ikarudi polepole. Mpishi alikuwa akitetemeka. Nami nilitetemeka, sina haja ya kujifanya shujaa mbele yenu.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Baba alikuwa amenituma nikaone, na bila kuona nisingemrudisha dada. Kulipopambazuka nikamwendea Bwana Pembe.

"Je, kusema? Walimu wako wanakataza kusema?"

Alifikiri kweli kweli, kama mtu aliyeulizwa swali na mwenzake shuleni. "Kusema, hapana sikia walimu nakataza. Lakini hapana taja jina. Jina ni kama jicho."

Kengele ilipolia nilikuwa nimesimama mpakani mwa pembe, mgongo wangu kwenye mahindi, uso kwa ukungu. Mkwaruzo ulipoanza nikasema, kwa Kiluhya chetu, kwa sauti ya kawaida:

"Nimetoka nyumbani. Baba hamalizi chakula chake."

Mkwaruzo wote ulikoma. Nilihisi macho mengi mgongoni. Kisha, karibu sana nyuma ya sikio langu, sauti ikasema:

"Usigeuke."

"Sigeuki."

"Wamekutuma unione?"

"Wamenituma nione."

"Ndugu yangu, kuna watu hapa ambao wakionwa watachukuliwa. Ukigeuka, mimi utanipata na wao utawaua kwa njaa."

Machozi yalinitoka. Nilinyoosha mkono nyuma bila kutazama, nikiwa nimeshika lile blanketi la mtoto. Vidole baridi vikalipokea.

"Treni ya Kisumu," nikasema. "Nitakungoja stesheni."

Mkwaruzo ukaanza tena, nami nikaenda mpaka nyumbani kwa Bwana Pembe bila kutazama nyuma. Alinipa mkono tu tukaagana.

Stesheni ya Fort Ternan nilikaa juu ya sanduku langu nikiwaza kwamba labda nimezungumza na kitu ambacho si dada yangu. Treni ikaja, ikapiga honi, na bado sikumwona. Ndipo akatokea kwenye miwa, amekonda, mtoto mgongoni ndani ya blanketi lile, mfuko wa mahindi kichwani. Nilimshika mkono nikahisi ni moto, mkono wa mtu hai. Nililia mbele ya abiria wote wala sikuona haya.

Njiani, tulipopita Koru, nilimuuliza kuhusu mzee wa jioni.

"Mzee gani?"

"Mwenye fimbo."

Rasoa alimfunika mtoto vizuri kabla ya kujibu. "Kati yetu hapakuwa na mzee. Sisi tulikuwa tukijificha msituni, tunaisikia ile fimbo ikipita. Tulidhani ni ninyi wa nyumbani kwa mzungu."

Nyumbani wazee wa kanisa walinikalisha katikati, Rasoa akasimama mlangoni. "Uliona?" wakauliza.

"Sikuona."

"Ulikwenda kufanya nini basi, kuota jua?"

Nikawaeleza yote: pembe, miganda, na jinsi walimu wa kale walivyoifasiri aya ya wafu. Mmoja akauliza kama Rasoa alitoa zaka ya mahindi hayo, nikajibu kwamba chakula cha pembe hakina zaka. "Nani kasema?" "Walimu wa Wayahudi." Zogo likazuka. Walisema mengi, na mengine, kusema kweli, hata mimi nisingeweza kuyajibu.

Baba aliinuka. Alipita katikati yao akigonga sakafu kwa fimbo, akaupokea mfuko kichwani kwa Rasoa. "Kasage," akamwambia.

Jioni ile ugali uliletwa, na wazee walikuwa bado wamesimama uani. Baba alinawa, akamvuta Rasoa akae kando yake, akala. Alikula polepole, tonge kwa tonge, akifuta sahani kwa kidole. Alimaliza.

Mavuno yaliyofuata aliacha pembe ya shamba letu, ile inayopakana na njia, na kanisa zima likatuita Wayahudi. Kabla ya mavuno mengine alifariki. Jeneza lake nililitengeneza mimi, na fimbo yenye bomba nikailaza ubavuni pake kwa mikono yangu kabla ya kupiga misumari.

Sasa shamba ni langu. Mahindi yakikauka naacha pembe, nasi tunageuka. Asubuhi mtoto wa mtu hulia kidogo, mchana watoto hupita mbio, na jua likielekea kuchwa huja fimbo, bomba likigonga mawe, polepole, kutoka upande wa migomba. Nilitumwa nikaone, na nimejifunza kukaa bila kuona. Ni kazi ngumu kuliko useremala. Rasoa hukaa karibu nami, mgongo wake kama wangu. Mpishi wa Bwana Pembe angetetemeka, sisi tumeacha. Chakula chetu kikipoa tunakiacha kipoe, kwa sababu mwendo wake ni wa kizee na pembe ni kubwa. Tunangoja amalize.