Upande wa Mlango, Mbali na Ubani

Binti yangu alikuwa mlinzi wa viatu. Wasichana wa parokia wanaocheza mbele ya altare wakati wa misa, wale tunaowaita joyeuses, hufanya mazoezi yao miguu mitupu, na kwa kuwa yeye ana asma, yaani pumu, alikalishwa kwenye ngazi avilinde. Mimi ninauza viatu sokoni Kadutu, viatu vilivyovaliwa kwanza Ulaya, nikaona kazi hiyo inamfaa. Hakupoteza hata ndala moja. Ila jioni, akiosha vyombo, miguu yake ilicheza nyimbo zote za misa kwa siri. Nikiiangalia, inaacha.

Kiangazi kimoja, sikukuu ya parokia ikikaribia, aliniambia anataka kucheza. Nilimjibu kama ninavyomjibu mteja anayetaja bei ya mchezo: nikacheka kidogo, nikageukia kitu kingine. Hakuondoka.

"Maman, twende kwanza kwa muganga. Yeye akikatala, nitanyamaza."

Muganga wetu ni infirmier, muuguzi wa kituo cha afya, baba mpole asiyeinua sauti. Alimsikiliza kifua, mbele na mgongoni, kisha akanigeukia mimi.

"Nani alimukataza kucheza?"

"Kifua chake."

"Kifua chake njo kilisema, ao ni weye ulisemaka pa fasi yake?"

Nilikohoa, ingawa mgonjwa hakuwa mimi.

Akasema mtoto wa asma anahitaji kutembea na kucheza kama wenzake, mradi dawa yake ya kila siku haikosi, hata siku ambazo kifua kimenyamaza. Siku ya kucheza, atumie kwanza pompe ya kufungua kifua. Akachukua chupa ya maji ya plastiki, akatoboa tundu chini yake, akachomeka pompe humo ili dawa isiishie ulimini. Halafu aanze taratibu, atembee, ndipo acheze. Kifua kikibana, aache palepale, akae wima, apulize dawa. Arudi tu kama kimefunguka kabisa. Kisipofunguka, aletwe mbio. Na siku ya mafua, apumzike.

"Papa, punguza kidogo," nikamwambia. "Acheze wimbo ya kuingia tu."

"Maman, hapa haiko soko."

Nikachukua chupa, pompe na masharti yote kwa bei yake.

Nyumbani nilihamishia nje mbabula, jiko letu la makaa, moshi wake ukawasumbue ndege. Halafu nikamwendea yule maman anayewafundisha joyeuses. Kucheza hakukunitisha tena sana, niliogopa ubani. Kijana wetu wa chetezo huwa anafukiza kama mtu anayefukuza nyuki.

"Muweke upande ya mulango," nilisema.

"Upande ya mulango ni ya barefu."

"Atarefuka. Muanze tu kumuzoeza fasi yake."

Akacheka, na mtu akicheka biashara imeisha. Alikubali pia kukaa karibu na mlango huo na ile chupa.

Bado nilibaki na mwuzaji mgumu kuliko wote, naye nilimzaa mwenyewe. Usiku wa kuamkia sikukuu, nikimsuka, aliweka masharti yake.

"Nikikuhitaji, nitagusa sikio. Kama sijagusa, usisimame. Hata uone nini."

"Na miye nitapata nini?"

"Utaniona nacheza."

Nikafunga msuko wa mwisho na biashara pamoja.

Asubuhi alipuliza dawa, tukapanda kilima polepole. Nilikaa mwisho wa benchi. Wimbo wa kuingia ulipita salama, akicheza kwa uso mzito kama anayepimwa na serikali. Ila wimbo wa matoleo ni mrefu. Ndizi zilipita, maharage, kuku aliyefungwa miguu, na kwaya yetu haijui kubana matumizi: kila ubeti ukiisha, wanaongeza. Nikaona mabega yake yakianza kupanda. Hatua mbili zaidi, akatoka kwenye mstari peke yake, bila haraka, akakaa kizingitini mwa mlango. Yule maman akampa chupa. Nilijua sauti ya pumzi ile bila kuisikia.

Mama jirani akaniegemea. "Mutoto wako ametoka."

"Nimeona."

"Na hauende?"

"Hajaniita."

Aliniangalia kama vile mimi ni mama wa kambo. Mikono yangu ilishika benchi la mbele. Nikatazama sikio la mwanangu, sikio dogo chini ya misuko yangu mwenyewe, nikaliomba liguswe, kisha nikaliomba lisiguswe. Alivuta dawa, akaizuia kifuani, akaachia. Akarudia. Mabega yakashuka. Akakaa hivyo, mgongo wima, mpaka yule maman alipoinama kumuuliza kitu naye akaitikia kwa kichwa. Kwaya, kwa mara ya kwanza nikaishukuru, ilikuwa bado inaongeza beti. Akasimama, akatembea kidogo mlangoni, akajiunga nyuma ya mstari kwa hatua ndogo ndogo. Mikono ilikuwa juu, na ule uso wa kupimwa ulikuwa umefunguka.

Baada ya misa alinijia akiwa na jasho puani.

"Ulisimama?"

"Nilikaa."

"Kabisa?"

Huyu simdanganyi, ananijua.

"Nusu. Niliinuka kidogo kwa benchi, nikarudi."

Alifikiri, kama mimi ninavyofikiri nikipewa noti iliyochanika.

"Nusu tunaachilia," akasema, akanipa mkono wake tushuke.