Panya wa Akpene

Dzigbordi alikuwa msusi mjini Ho, mwenye mkono mwepesi na maneno ya kuchekesha wateja. Kifafa kilimwanza akiwa msichana, na tangu alipoanzishiwa vidonge hakuanguka tena. Alivimeza kwa siri, maana mteja akisikia kifafa hukwepa hata kiti ulichokalia.

Selasi, fundi umeme, alilijua hilo na akamchumbia vivyo hivyo. Ndugu zake walikwisha kubisha hodi kwa kina Dzigbordi na chupa za vinywaji vya posa, zikapokelewa. Ilibaki harusi.

Dada yake Selasi, Akpene, alikuwa akisomea dawa chuo kikuu. Kila akija kusukwa walipiga soga weee. Siku moja akasimulia utafiti wake: waliwapa panya wenye mimba dawa ya kifafa, kisha wakawachunguza watoto. Wengine walizaliwa na mikia iliyopinda. Wengine walionekana wazima, lakini wakitengwa na mama yao hawahangaiki kumtafuta, na wakikua hawachezi na wenzao.

Mikono ya Dzigbordi ilisimama. Akauliza ni dawa gani. Alipotajiwa, akasema polepole, "Ndiyo ninayomeza mimi, wifi."

Akpene akageuka, kichwa kimesukwa nusu. Alimwambia panya hupewa dozi kubwa mno, na panya si mtu. Asije akaacha vidonge ghafla akaanguka akafa. Aende kliniki kwanza, kabla hajashika mimba. Akaapa kwamba hilo litabaki baina yao wawili.

Dzigbordi alikwenda. Daktari alikiri kwamba hata kwa binadamu dawa ile huweza kumdhuru mtoto tumboni, lakini zipo nyingine zenye hatari ndogo, na angembadilishia kidogo kidogo. Dzigbordi akauliza kwa nini miaka yote hiyo hakuambiwa. Daktari alimtazama nesi, nesi akainama.

"Tulidhani huna mpango wa kuolewa," nesi akasema.

Hilo lilimchoma kuliko ugonjwa wenyewe. Hata hivyo alitoka na dawa mpya, akaenda moja kwa moja kwa kina Selasi. Alimkuta mama mtu jikoni akisonga ugali wa akple, na Akpene kando akikata bamia. Akpene alikuwa ameshamweleza mama yake kila kitu, kwa nia njema, alivyodai baadaye, ili familia ijiandae. Dzigbordi alijaribu kumweleza habari za dozi na za dawa mpya, lakini mama hakuzisikia. Alisikia panya tu.

"Wewe ni binti mzuri, sikatai," alisema bila kuacha mwiko. "Lakini sitaki wajukuu wa mikia iliyopinda."

Dzigbordi alimtazama Akpene. Akpene aliendelea kukata bamia.

Jioni ile Selasi alimfuata saluni.

"Daktari amenipa dawa nyingine," Dzigbordi alimwambia.

"Najua. Lakini mama ameshakataa. Nimfanyeje?"

"Sikuulizi mama yako. Nakuuliza wewe."

Selasi aliikunja kofia yake, akaikunjua, akaondoka nayo.

Dawa mpya ilichelewa kuzoeana na mwili. Kabla haijakaa sawa, Dzigbordi alianguka mbele ya wateja, kitana mkononi. Siri ikaishia pale sakafuni. Wateja walihamia saluni ya ng'ambo ya barabara, na wazazi wakawaondoa mabinti waliokuwa wakijifunza kwake.

Selasi alioa mwalimu wa mji wa Hohoe. Baada ya harusi hiyo Akpene alikuja, amehitimu, akaanza na "wifi."

"Mimi si wifi yako."

Akpene alisema hakukusudia, na kwamba matokeo yake yatawasaidia wanawake wenye kifafa.

"Wanawake gani? Mimi nilikuwa mlangoni pale jikoni. Neno moja tu ungemwambia mama yako."

Akpene akajiondokea.

Siku hizi dawa imemkaa vizuri. Amepata wateja wachache, wengi wageni wasiojua habari zake. Juzi daktari alimwambia anaweza kuzaa wakati wowote atakao. Dzigbordi alimshukuru kwa adabu. Hakumuuliza azae na nani.