Siku Nilipopanga Upya Magunia ya Nyemo

Mimi ni mtu wa kujisifu, najijua, na mkinikuta sokoni Kibaigwa mtasikia tu jinsi nilivyoanza kwa kubeba mahindi mgongoni mpaka leo nina malori mawili na nyumba ya vyumba sita Ihumwa, na shule niliishia darasa la nne. Lakini hiki kisa sijawahi kukisimulia kwa mdomo wangu, na hata sasa ninapokiandika masikio yananiwaka moto.

Binti yangu Nyemo, wa miaka kumi na tano, kila Jumamosi huenda darasa la sanaa kwa Mwalimu Rehema, pale Area D, Dodoma mjini. Watoto wadogo na wakubwa wamechanganyika, wanapewa rangi, udongo, mbao, matambara, na kila mmoja anatengeneza anachotaka mwenyewe, hakuna mfano ubaoni. (Niliwahi kumuuliza mwalimu, "Sasa unajuaje nani kakosea?" Akacheka tu, nikaona huyu hana kazi.) Miezi mitatu Nyemo alikuwa na kazi yake, nikiuliza ni nini ananijibu, "Kikiisha utakiona, baba." Siku ya maonyesho ilipokaribia hakutaka niende, nikambembeleza wiki nzima, mimi ninayebembelezwa na madalali! Mwisho akakubali.

"Uje, lakini usiguse kitu, na usiongee sana. Ukiniaibisha safari hii, baba, sikualiki tena popote."

Nikaapa. Halafu nikaalika wenzangu watatu wa sokoni, nikavaa suti, nikafika saa nzima kabla ya wageni.

Chumbani hapakuwa na mtu, sauti za watoto zilikuwa uani wakinawa rangi. Kuta zote zimejaa picha, safi kabisa, halafu katikati ya chumba, juu ya kiti kikuukuu cha uvivu, rundo la magunia! Mengine yamejaa nusu, mengine yanamwaga pumba, midomo haijashonwa, moja limelalia jingine kama mlevi. Nikasema wageni wakikuta uchafu huu Nyemo wangu ataaibika, na baba yake, anayejua magunia kuliko mtu yeyote Dodoma hii, amesimama tu anatazama. Nikajiambia kugusa gunia si kugusa kitu.

Basi nikavua koti, nikayashusha yote tisa, nikapunguza haya nikajaza yale, nikashindilia, nikashona midomo kwa shazia (ile sindano ya magunia haitoki kwenye gari langu), nikayapanga ukutani matatu matatu, mstari umenyooka mpaka nikajipongeza kwa sauti. Niliporudi kuondoa kiti ndipo nikaona mbele yake kuna viatu. Buti zangu za sokoni! Zile nilizozitafuta mpaka nikagombana na mlinzi. Na kwenye kamba ya buti kuna kikadi, mwandiko wa Nyemo: "Baba amelala na viatu tena."

Mimi kusoma ni polepole, lakini hicho nilikielewa mara moja.

Mwalimu Rehema akaingia. "Baba Nyemo, karibu... Kazi ya Nyemo iko wapi?"

Nikaonyesha ukutani.

"Mungu wangu! Umeishona?"

"Nimeishona vizuri, mwalimu," nikajibu, sijui kwa nini nilijibu hivyo.

"Kaenda kununua maji ya wageni, anarudi sasa hivi!"

Tukaanza kufumua nyuzi, mimi kwa meno, lakini mshono wangu haufumuki kirahisi, ndiyo sifa yake. Magunia niliyoyashindilia yakagoma kukunjika, kichwa hakikai, tumbo halilali. Mwalimu akasema, "Hebu kaa wewe kwenye kiti nikumbuke sanamu lilivyokuwa." Nikavaa buti, nikajilaza, akaniwekea gunia tumboni na tambara la gunia usoni, na hapo hapo tukasikia watu mlangoni. Wenzangu! Nikafumba macho, nikabana pumzi.

"Tazameni hii!" Huyo alikuwa Mzee Idi wa Kondoa. "Si Baba Nyemo kabisa? Mpaka kitambi!"

"Mwenyewe kitambi chake kikubwa zaidi," mwingine akasema. Wakacheka mpaka wakakohoa.

Watu wakazidi kuingia. Mtoto mmoja akanishika mkono: "Mama, hili sanamu lina jasho." Na pumba zikaanza kunipanda puani. Nikavumilia, nikavumilia, kisha nikapiga chafya ambayo sijawahi kuipiga maishani, gunia likaruka, tambara likaanguka, mama mmoja akapiga kelele na Mzee Idi akasema, "Lahaula! Ni yeye!"

Nilipofuta macho, Nyemo alikuwa mlangoni na katoni ya maji. Alinitazama, akatazama ule mstari ukutani. Mshono wangu anaujua.

"Umeyashona yote?"

"Yote tisa. Nimekukosea, mwanangu."

Hakulia, na ningeona afadhali angelia. Aliweka katoni chini, akaokota gunia, akalirudisha tumboni kwangu, akanilaza shingo upande taratibu. "Kaa hivyo hivyo. Usiongee."

Nikakaa mpaka maonyesho yalipokwisha. Watu walipita, wakasoma kikadi, na mimi, msemaji wa Kibaigwa nzima, kimya. Mama mmoja akasema, "Masikini, huyu baba anachoka." Nikamsikia Nyemo akijibu kwa sauti ya chini, "Anachoka. Mimi na wadogo zangu huwa tunakaa tunamsubiri aamke atuulize habari za shule, mpaka na sisi tunalala."

Sikuwa na chafya tena, lakini macho yalinisumbua, na pumba hazikuhusika.

Buti alitaka kunirudishia, nikamwambia abaki nazo. Magunia ya watu sitayagusa tena, hata nikiyakuta barabarani. Na siku hizi nikitoka Kibaigwa navua viatu mlangoni, nakaa kwenye kiti kigumu makusudi, nauliza habari za shule, na Nyemo ananijibu huku ananitazama macho kama anayepima. Bado hajaniambia kama nimealikwa maonyesho yajayo. Sithubutu kuuliza, na sithubutu kusinzia.