Karatasi ya Kumi na Moja

Elfu tatu na mia nne, ongeza salamu za miaka sita za jirani wa mlango wa pili. Hiyo ndiyo bei ya picha moja niliyonunua hapa mtaani Umoja.

Jirani mwenyewe ni msichana wa Ukambani, binti wa mchonga vinyago. Yeye huchonga lino, lile zulia gumu la kutandika sakafuni. Akishachonga hupaka wino, hulaza karatasi juu yake, kisha huisugua kwa mgongo wa kijiko. Safari hii alikuwa amemchora mama yake akisuka kiondo. Alianzia elfu tano. Tulivutana mpaka chai ikapoa.

"Ziko kumi tu, mathe," akaniambia. "Kila moja naiandika nambari kwa penseli."

Mimi huuza mitumba. Mtu akiniambia "imebaki hii tu", najua nyingine ziko chini ya meza, kwa sababu zangu huwa huko. Nikamuuliza ni nini kitakachomzuia kuchapa mia nikienda zangu kupika.

"Nikimaliza nalikwaruza lino. Ndiyo desturi."

"Basi likwaruze nikiona."

Akacheka, akashika kisu, akapiga mstari kona hadi kona. Ukapita katikati ya uso wa mama yake.

Mtu mwenye adabu angeenda nyumbani hapo. Mimi nikahesabu karatasi zilizoanikwa kwenye kamba ya koridoni. Kumi na moja. Nikahesabu tena, nikianzia upande wa pili. Kumi na moja.

"Na hii ni ya nani? Ya mizimu?" nikauliza kwa sauti.

Majirani wawili waliokuwa wakifua wakainua vichwa. "Kumbe kumi zako huzaa!" mmoja akadakia, wakaangua kicheko.

Msichana akaiendea kamba. Akaiangua ile moja isiyo na nambari, akairarua mara mbili, akaingia ndani na kufunga mlango.

Wiki iliyofuata nilipeleka yangu mtaa wa Fedha kwa mama mmoja mchoraji, ambaye pia hutia picha fremu. Nilimsimulia nikingoja sifa. Akaweka nyundo chini.

"Moja huwa ya msanii mwenyewe. Haiuzwi. Hata mimi huweka yangu. Kwani hukumuuliza?"

Sikumuuliza. Nilipofika nyumbani, yule yule aliyedakia koridoni ndiye aliyeniambia ile iliyoraruliwa ilikuwa zawadi kwa mama wa msichana, apelekewe Desemba. Mama huyo hajajiona kwenye karatasi hata siku moja. Zile tisa nyingine zilishapata wenyewe, na lino mnajua lilivyo.

Nimemgongea binti mara tatu nikiwa na picha mkononi, bila kudai hata shilingi. Jibu lake hupita dirishani: "Siuzi, sinunui, mathe."

Namba ya simu ya basi linalopeleka mizigo kwao ninayo, na mama yake anajulikana sokoni kule. Nyinyi mnaochora na kuchapa, nishaurini: niitume picha moja kwa moja kwa mama, au hapo nitakuwa nimeingilia kazi ya binti kwa mara ya pili?